Vitshumbi: Sidi za ndoa na matanga zinakufa polepole, familia zaanza kuziokoa

Watu wa Vitshumbi walipokimbia, wengi walibeba sufuria, godoro, watoto na karatasi za shule. Wengine walibeba pia kitu ambacho hakiliwi wala hakifuniki mtu kwa baridi: pakiti ya sidi. Ni zile sidi za ndoa, za komunyo ya kwanza, za sherehe ya diploma na za matanga, ambazo kameramani aliziuza kwa familia na ambazo zilikuwa zinakaa chini ya televizyo ndani ya salon. Leo ziko ndani ya mifuko, chini ya vitanda vya watu waliowapokea wenzao, ndani ya vyumba vya kulipia vya Goma. Nyingi zinaharibika polepole, na mwenye nazo hajui, kwa sababu hana tena mashine ya kuziangalia.

Kwa wasiojua kijiji hiki, Vitshumbi iko kwenye kingo ya kusini ya Ziwa Edouard, katika usultani wa Bwito, wilaya ya Rutshuru, ndani kabisa ya Mbuga ya Virunga. Ni kijiji kimoja kati ya vile vinavyotambuliwa na sheria kwa uvuvi upande wa Kongo, pamoja na Nyakakoma na Kyavinyonge. Aliyekulia pale anakumbuka viboko wanaopanda usiku kula majani kati ya nyumba, ndege wakubwa wa marabu wanaongojea matumbo ya samaki kando ya mitumbwi, na harufu ya makayabo yanayokauka kwenye jua. Mwezi wa tatu 2024 vita vilifika pale, na kundi la M23 likaingia kijijini. Mwezi wa kwanza 2025 ikawa zamu ya Goma. Wiki zilizofuata, makambi ya pembeni mwa mji yalivunjwa, na watu waliokuwa wamehama mara moja wakahama mara ya pili ao ya tatu, na mizigo yao ikazidi kupungua.

Mama mmoja mjane, muuza samaki, alitoka Vitshumbi na watoto wanne na sidi 19 zilizofungwa ndani ya kitenge. Alizibeba mpaka kambini, akalala nazo chini ya basha, kisha akazibeba tena mpaka chumba anacholipia leo katika mtaa wa Ndosho. Ndugu za bwana wake walimcheka: badala ya kubeba unga, anabeba plastiki! Yeye aliwajibu kwamba unga unaisha kwa siku tatu.

Alikuwa na sababu. Bwana wake alifariki wakati binti yao mkubwa alikuwa na miaka mitatu. Binti huyo sasa ni mtu mzima, anaishi Kampala, na hakumbuki sauti ya papa yake. Picha za papa ziko mbili, zote za karatasi. Lakini katika sidi moja, ile ya ndoa ya mdogo wake papa ya mwaka wa 2006, marehemu anasimama na kusema hotuba kwa jina la familia. Ni dakika chache tu. Hakuna mahali pengine duniani sauti ile imebaki.

Sidi zilifika namna gani

Mbele ya simu za kupapasa, sherehe ya Vitshumbi ilirekodiwa na kameramani aliyetoka Kiwanja, Rutshuru ao Goma. Alikuja na kamera begani, betri za akiba, na mara nyingine jenereta ndogo kwa ajili ya taa. Alifanya kazi siku nzima: kanisani, kando ya ziwa wakati wa kupiga picha, kwenye meza ya zawadi, mpaka kwenye dansi ya usiku. Wiki kadhaa baadaye alirudi na sidi. Familia ya bwana ilipata yake, familia ya bibi ilipata yake, na mjomba mwenye pesa alinunua ya tatu. Siku hiyo salon ilijaa majirani, watoto walikaa chini, na kila aliyejiona kwenye televizyo alipiga kelele.

Watu wengi wanafikiri kwamba kameramani bado ana filimu ya asili. Mara nyingi hana. Kaseti ya kamera ilikuwa na bei, kwa hiyo ilitumika tena kwa ndoa iliyofuata. Ordinateri ya studio nayo ilijaa, na kazi za zamani zilifutwa ili za mpya zipate nafasi. Studio nyingine zimefunga, zimeibiwa, ao mwenyewe amehama kama wateja wake. Sidi iliyo ndani ya kitenge cha mama huyu si kopi. Ndiyo filimu yenyewe iliyobaki.

Jambo la pili ambalo watu hawajui ni kwamba sidi hizo si za aina moja. Za zamani, zile za miaka ya mwanzo wa 2000, mara nyingi ni CD zenye filimu ya VCD: zinabeba karibu megabaiti 700, ni kusema filimu ya saa moja na dakika chache, na picha yake si safi sana. Za baadaye ni DVD: zinabeba giga 4.7, filimu ya saa moja mpaka mbili, na picha ni nzuri zaidi. Kwa macho zote zinafanana. Tofauti inaonekana wakati wa kuokoa.

Kwa nini zinakufa

Sidi ya dukani, ile ya muziki ao ya filimu ya kununua, imepigwa chapa kiwandani. Sidi ya kameramani imechomwa na mwanga ndani ya ordinateri. Ndani yake kuna rangi nyembamba sana, na mwanga uliacha alama kwenye rangi hiyo. Rangi hiyo haipendi jua, joto wala unyevunyevu. Chini ya basha la kambi kuna vyote vitatu: mchana joto linapanda, usiku maji yanatonatona, na asubuhi jua linapiga.

Kwenye CD, hatari kubwa iko upande wa juu, upande wa maandishi, ambao watu wengi hawaogopi. Kile kinachobeba filimu kiko chini kidogo tu ya rangi ile ya juu. Mkwaruzo wa upande wa chini, ule unaong'aa, mara nyingi unaweza kusafishwa ao kusuguliwa. Mkwaruzo wa juu unaondoa filimu yenyewe. DVD ina nguvu kidogo, kwa sababu imejengwa kama mkate wenye siagi katikati: vipande viwili vya plastiki vimegundishwa, na filimu iko katikati. Lakini gundi ikilegea pembeni, hewa na maji vinaingia, na kutoka hapo ni safari ya kuelekea kaburi.

Sidi ya ndoa ya 2006 ilikuwa CD yenye filimu kama faili la kawaida, si VCD. Mtu fulani, zamani, aliandika juu yake kwa biki: jina la bwana, jina la bibi na tarehe. Alikuwa anafikiri anaitunza. Ncha ya biki iliingia ndani ya rangi ya juu, na herufi zake zikakata njia ya mwanga.

Siku ya kwanza kwenye ordinateri

Mama alikwenda kwa kijana mwenye nyumba ndogo ya fotokopi, ambaye bado ana ordinateri ya zamani yenye mlango wa sidi. Vyombo kama hicho vimekuwa haba. Ordinateri nyingi za leo hazina mlango huo, na lazima mtu atafute ule wa nje unaochomekwa kwa kamba ya USB. Kijana aliweka sidi za ndoa mbili za kwanza, zikacheza vizuri. Aliweka ya 2006. Ilicheza kanisa, ikacheza ziwa, ikafika kwenye meza ya wazazi, na pale picha ikavunjika vipande vipande, kisha ikasimama. Ordinateri ikaanza kulia kama kinu.

“Toa, mwanangu, toa,” mama akasema. “Usimalize hata ile iliyobaki.”

Alikuwa na haki. Sidi mgonjwa haifai kuchezwa mara kwa mara ili kuona kama leo itakubali. Kila mara mashine inapolazimisha, inazungusha sidi kwa nguvu, inapata joto, na ufa mdogo unaweza kuwa mkubwa. Kazi ya kwanza si kuangalia filimu. Kazi ya kwanza ni kuitoa nje ya sidi, yote, mara moja, na kuiangalia baadaye ikiwa salama.

Kijana aliisafisha kwanza. Maji safi, tone moja la sabuni, kitambaa laini cha pamba. Anapangusa kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye tundu la katikati kwenda pembeni, si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko unaharibu kuliko ule unaoukata. Hakutumia dawa ya meno, wala mafuta ya petroli, wala pombe kali ya dukani, ingawa jirani watatu walikuwa wamesimama mlangoni, kila mmoja na dawa yake.

Halafu ndugu za marehemu wakaingia katika mazungumzo. Kaka mkubwa wa marehemu alisema kwamba wafu waachwe walale. Kwa nini kulipa pesa ya kutafuta sauti ya mtu, wakati watoto hawajalipiwa shule?

“Yaya,” mama akamwambia, “mimi simtafuti kwa ajili yangu. Mimi namkumbuka. Ni mtoto wake ndiye hamjui.”

Mzee akanyamaza. Kesho yake alimtuma kijana wake na pesa kidogo ya kusaidia, bila neno.

Namna ya kuokoa, hatua kwa hatua

Kwa familia zinazotaka kufanya kazi hii, njia yenyewe si ngumu. Inaomba subira kuliko ujuzi.

Sidi ya VCD ikifunguliwa ndani ya ordinateri inaonyesha dosye kadhaa. Filimu iko katika ile inayoitwa MPEGAV, na faili lake linaisha kwa DAT. Kama sidi ni nzima, inatosha kunakili faili hilo. DVD inaonyesha dosye inayoitwa VIDEO_TS. Ndani yake filimu imekatwa katika mafaili ya VOB, kila moja halizidi giga moja. Hapa watu wengi wanakosea: wananakili faili moja kubwa na kuacha mengine, halafu wanashangaa kwamba ndoa inaishia kwenye mlango wa kanisa. Lazima kunakili dosye nzima. Kwa DVD, njia nzuri zaidi ni kutengeneza picha kamili ya sidi, faili moja la ISO, ambalo ni sidi nzima bila plastiki. Kwenye Windows programu ya bure ya ImgBurn inafanya kazi hiyo. Kuangalia, programu ya VLC inafungua vyote: DAT, VOB na ISO.

Kama DVD inakataa kuonekana kabisa kwenye ordinateri lakini inaonyesha alama ya kuchomwa upande wa chini, inawezekana kwamba haikufungwa. Mashine iliyoichoma ilipaswa kuifunga mwishoni ili mashine nyingine ziweze kuisoma. Sidi ya namna hiyo isitupwe. Mashine iliyoitengeneza, ao ya aina ileile, inaweza kuifunga hata leo.

Kwa DVD mgonjwa, ao CD yenye filimu kama faili la kawaida (si VCD), kuna programu nyingine, ya bure pia, inayoitwa ddrescue, ya kutumia na ordinateri ya Linux. Yenyewe haigombani na jeraha. Inapita kwanza kuchukua sehemu zote nzima, inaruka mbovu, kisha inarudi pole kwa zile mbovu, tena na tena. Wakati wote inaandika katika faili dogo ni wapi imefika. Kwa mji kama Goma jambo hilo lina thamani kubwa: umeme ukikatika saa nane, kazi inaendelea saa kumi na mbili kutoka palepale ilipokuwa, haianzi upya. Tena, sidi iliyokataa kwenye mlango mmoja inaweza kukubali kwenye mwingine. Kijana wa fotokopi aliazima mlango wa nje kwa mwenzake, akaiacha ordinateri ifanye kazi usiku kucha kwa betri ya pano ya jua.

Asubuhi sidi 17 kati ya 19 zilikuwa zimetoka nzima. Moja, ya komunyo, haikutoa kitu. Rangi yake ilikuwa imekuwa nyeupe kama ukungu. Na ile ya 2006 ilitoka karibu yote. Karibu. Hotuba ilikuwa na mashimo matatu. Papa anasimama, anakohoa, anasema jina la mdogo wake, na sauti inakatika. Inarudi, watu wanacheka, na hakuna anayejua wamecheka nini. Inakatika tena.

Kopi ya upande wa kulamu

Hapo ndipo mama alikumbuka jambo ambalo kila familia inapaswa kukumbuka. Sidi ya ndoa haikuwa moja. Familia ya bibi ilikuwa na yake.

Alianza kupiga simu. Bibi wa ndoa ile alikuwa amehamia Butembo na watoto. Mama yake alikuwa amebaki Vitshumbi, kwa sababu wazee wengi walikataa kuliacha ziwa. Sidi ilikuwa kwake, ndani ya Biblia kubwa, bila maandishi yoyote juu yake. Ilisafiri na msafiri mmoja, ikapita mikono ya watu watatu, ikafika Goma ikiwa imefungwa ndani ya karatasi ya kaye.

Nayo ilikuwa mgonjwa. Watoto walikuwa wameichezea, na ilikuwa na mikwaruzo mirefu. Lakini mikwaruzo haikuwa mahali pale pale. Na kwa sababu kameramani alizichoma zote mbili kutoka kwa filimu moja, kila sehemu ya moja ililingana na sehemu ya nyingine. Kijana aliipa ddrescue sidi ya pili pamoja na lile faili dogo lenye orodha ya mashimo ya kwanza. Programu haikusoma yote upya. Ilikwenda moja kwa moja kwenye mashimo, ikayajaza kwa kile sidi ya pili ilichobaki nacho. Upande wa bwana ulikosa kile upande wa bibi ulikuwa nacho.

Hotuba ilitoka yote, dakika nne. Papa anashukuru wakwe kwa kumpa mdogo wake mwanamke wa kazi, anawaonya kwamba wanampa binti yao mvuvi asiyejua kuogelea, na watu wanacheka. Anaomba mtumbwi wao usikose samaki wala nyumba yao isikose chumvi. Kisha anakaa, na kamera inageuka kuelekea keki.

Kuhifadhi si kunakili mara moja

Filimu ikishatoka, watu wanafurahi na kuitia ndani ya flashi moja, halafu wanaitupa sidi. Hilo ni kosa mbili.

Flashi inapotea, inaibiwa, inakufa bila kutoa alama. Na sokoni kuna flashi za uongo: imeandikwa giga 128 juu, lakini ndani kuna giga 8 tu. Unaiweka filimu, majina ya mafaili yanaonekana, na siku ya kufungua hakuna kitu. Mbele ya kuamini flashi mpya, ijazwe na vitu vya bure mpaka mwisho, vifunguliwe vyote, halafu vifutwe. Jambo lingine: flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao unakataa faili moja lililo zaidi ya giga 4. ISO ya DVD iliyojaa inaweza kukataliwa. Dawa ni kuipanga upya kwa exFAT, ikiwa bado tupu.

Watunza picha duniani wana kanuni moja rahisi, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: kopi tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kwa familia iliyohama maana yake ni hii. Sidi za asili zibaki, zikiwa mahali pakavu, penye giza, zimesimama ndani ya vifuniko vyake. Kopi ya pili iwe kwenye diski duri ya nje ao flashi nzuri. Kopi ya tatu iende kwa ndugu wa mji mwingine: Butembo, Bukavu, Kampala, Nairobi, popote ambapo balaa ya hapa haifiki siku ileile.

Wakaaji wa Goma hawahitaji kufundishwa kwa nini. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani Kivu. Aliyekuwa na albamu kwenye salon na sidi kwenye chumba cha kulala alipoteza vyote kwa saa moja. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 moto ulitoka tena na kufika Buhene, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji iliambiwa iondoke. Kopi mbili ndani ya nyumba moja ni kopi moja.

Sidi zote 19 za mama huyu, hata zingekuwa zimejaa, hazingepita giga 90. Kwa kuzigeuza DVD kuwa MP4 na programu ya HandBrake, ambayo pia ni ya bure, zinaingia katika nusu ya nafasi hiyo na zinacheza kwenye simu yoyote. Lakini kugeuza kunapunguza kidogo uzuri wa picha, kwa hiyo mwenye nafasi atunze ISO pia. Kwa kutuma, WhatsApp ikipewa filimu kama video inaifinya mpaka nyuso zinakuwa ukungu. Itumwe kama hati, faili lisizidi giga 2, na bila kusahau bei ya megabaiti kwa upande wa anayeipokea.

Nani aione, nani asiione

Kuna jambo lingine ambalo familia zinapaswa kulifikiri kabla ya kusambaza. Filimu ya ndoa ya 2006 ina watu mia moja na zaidi. Wengine wamekufa. Wengine wamehama na hawataki ijulikane wako wapi. Katika meza ya wageni kunaweza kuwa na mtu aliyevaa sare ya wakati ule, kiongozi wa wakati ule, jirani ambaye jina lake leo linaleta maswali. Siku ile alikuwa mgeni anayekula pilau. Kwenye bariera, ndani ya simu ya kijana, anaweza kugeuka kuwa shida.

Kwa hiyo filimu hizi si za kutembea nazo ndani ya simu safarini. Zibaki nyumbani ao zipelekwe na mtu wa kuaminika. Si za kutupwa kwenye Facebook kwa watu wote. Na matanga, hasa, ni ya wenye msiba. Kabla ya kutuma uso wa mtu anayelia, mwenye uso huo aulizwe.

Kwa upande mwingine, kuzificha mpaka zife si ulinzi. Mwaka wa 2014 filimu ya Virunga, ya Orlando von Einsiedel, ilionyesha mbuga hii na Ziwa Edouard kwa dunia nzima, na filimu hiyo imehifadhiwa vizuri na wenye nayo. Lakini ndani yake hakuna keki ya ndoa ya mtu wa Vitshumbi, wala bibi anayecheza na beseni kichwani, wala nyumba ya mbao iliyokuwa na rangi ya bluu kabla haijaungua. Hayo yamo ndani ya sidi za familia tu. Familia isipoyatunza, hakuna ofisi itakayoyatunza kwa niaba yake.

Majina

Binti wa Kampala alipokea dakika nne za papa yake siku ya Juma Pili. Hakujibu mpaka jioni. Alipojibu, hakuandika kuhusu sauti. Aliuliza maswali. Huyu mzee wa kofia nyuma ya papa ni nani? Mtoto huyu aliyesimama karibu ya meza na kikombe cha plastiki ni nani? Nyumba ile ya nyuma ilikuwa ya nani?

Mama alijibu yale aliyoyajua. Mzee wa kofia alikuwa mtengenezaji wa mitumbwi. Mtoto wa kikombe ni binti mwenyewe. Mengine hakuyajua, na hapo aliona kwamba filimu bila majina inazeeka hata kama picha yake ni safi. Alinunua kaye. Kila jioni, umeme ukiwepo, anakaa na kijana wake mdogo, wanasimamisha filimu, na anaandika: sidi ya ngapi, dakika ya ngapi, nani yuko kushoto, nani kulia, mtoto wa nani, yuko wapi leo. Kaka mkubwa wa marehemu, yule aliyesema wafu walale, anakuja mara mbili kwa wiki kusaidia. Yeye ndiye anayejua majina ya wazee.

Ukurasa wa ndoa ya 2006 una majina 61. Kuna nafasi tisa ambazo bado ziko tupu, na moja kati yake ni ya mwanamke aliyevaa kitenge cha kijani anayemshika papa mkono baada ya hotuba. Mama ameacha mstari mzima kwa ajili yake. Watu wa Vitshumbi walioko Goma wanaombwa, wakipita Ndosho, waingie waangalie.